Meza Iliyojengewa Ndani

Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu
(Anwani ya zamani ifute. Sababu unaijua.)
Jumamosi, tarehe 14

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini wewe, mkeo na watoto ni wazima, na kile kikohozi chako cha baridi kimekuacha. Mimi ni mzima ila magoti, ambayo bado yanazoea ngazi ishirini na mbili nisizozichagua.

Nimekukasirikia sana. Naliandika hili mwanzoni ili usijifanye hukuliona.

Baba aliiandika nyumba kwa jina lako kwa sababu ulikuwa mwanamume, si kwa sababu ulikuwepo. Nililikubali hilo. Kuiuza ilikuwa haki yako. Kuniacha niambiwe na mgeni haikuwa haki yako. Mnunuzi aliingia, akasalimu vizuri, akaanza kupima jiko langu huku sufuria iko motoni.

"Kwani unapima nini, baba?" nikamwuliza.

"Makabati, mama. Kumbe... ndugu yako hajakwambia?"

Maskini, aliona aibu kuliko wewe. Alitoka nje akajifanya anapima ukuta.

Siku ya nne ndipo ukapiga simu, na neno lako la kwanza baada ya salamu lilikuwa meza. "Dada, vingine gawa tu, lakini meza ya Baba usiiguse. Itoke nzima, nitatuma mtu aichukue." Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wewe uliitaka ya kwako ihamishe meza.

Sasa nikueleze taratibu, kama nilivyokueleza hesabu za sehemu ulipokuwa darasa la nne, ukalia. Meza ile ya kukatia nguo ina urefu wa mita tatu na upana wa mita moja na nusu. Mlango wa chumba cha nyuma una sentimita themanini. Ukiilaza ubavu, miguu inapita kwa kubembelezwa. Lakini hatua moja mbele ukumbi unakata kona, na mita tatu za mbao hazikati kona. Dirisha lina nondo. Baba aliingiza mbao mojamoja, yeye na seremala wakaziunga humo humo kwa vigingi na gundi, bila msumari hata mmoja. Wateja walipomwuliza itatokaje, alijibu, "Itoke iende wapi? Mimi nimejenga meza. Nyumba ni kifuniko chake."

Wewe umeuza kifuniko.

Mnunuzi alinipa hadi mwisho wa mwezi. Nikamwita seremala, mtoto wa yule aliyeijenga, mwanafunzi wangu wa zamani. Akaizunguka mara mbili, akaipiga kofi kama anayenunua ng'ombe.

"Mwalimu, hapa ni kuvunja ukuta au msumeno."

"Ukuta si wetu tena."

"Basi nisilaumiwe."

"Wa kulaumiwa yuko mbali. Kata."

Tulipoipindua tulikuta chini yake chingamu kumi na saba, upande wewe ulikokuwa ukijificha wakati wa kuosha vyombo. Zimekuwa kokoto. Nilichapwa kwa ajili ya chingamu hizo, nawe ukaapa kwa jina la marehemu bibi kwamba si zako. Nimeziacha zilipo. Ziko kwenye nusu yako.

Msumeno ulipoanza sikulia. Nililia ulipofika katikati, pale mkasi wa Baba ulipochimba alama, kwa sababu mbao ndani ilikuwa bado nyeupe, kama ya jana. Miaka arobaini nimeifuta vumbi bila kujua.

Kisha nikafagia. Nikapitisha sumaku sakafuni kama alivyofanya Baba kila jioni, nikatoa pini sita kwenye nyufa. Nikafunga mlango, nikampa mnunuzi ufunguo. Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyoagwa. Nakusimulia kwa kuwa hukuwepo.

Huku kwangu jua linaingia asubuhi. Fundi viatu wa chini hupiga nyundo mpaka saa kumi, na Jumapili akinyamaza naona kitu kimepungua. Wanawake wawili wa jengo hili wameniomba niwafundishe kukata. Jumatatu tunaanza na sketi. Nalala vizuri. Usilichukue hilo kama msamaha.

Nusu yangu ya meza seremala ameiongezea miguu miwili, na ndiyo ninayoandikia. Aliuliza, "Na ya bwana mdogo, niiwekee?" Nikamwambia aiache. Iko hapa mbele yangu, imeegemea ukuta, na miguu yake miwili haiisimamishi. Haitoki kwa gari wala kwa mtu wa kutumwa. Miguu iliyobaki uje nayo mwenyewe, na patasi ya kubandulia chingamu. Nitakushikia upande mmoja.

Nisalimie mkeo, ambaye sina neno naye. Msalimie na binti yako anayeuliza "kwa nini" kutwa nzima. Mwambie shangazi yake anayo majibu mengi, mengine yanamhusu baba yake.

Mungu akulinde huko, na akichoka kukulinda akulete huku.

Akupendaye bado, ingawa kwa shida,

Dada yako