Upande wa Kulia wa Uso wa Kaka

Duka la Kinyozi,
Mtaa wa Nyuma ya Soko.
Jumapili, baada ya kufunga.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Pokea salamu nyingi, za kaka kwa mdogo wake, wala usizihesabu. Huko u mzima? Shemeji yangu naye? Wale mapacha wameacha kuumwa masikio? Mimi ni mzima kama jiwe la kunolea. Duka nalifungua kabla muuza magazeti hajakohoa. Shemeji yako wa hapa analalamika kwamba ninakoroma kama treni ya mizigo, basi ujue mapafu bado yapo kazini.

Barua hii naiandika mwenyewe. Wajukuu walitaka kukutumia ujumbe wa simu, nikakataa. Mambo mengine hayafai kusomwa mtu akiwa anavuka barabara. Shule niliiacha mapema na yenyewe haikunililia, lakini herufi nazijua zote, na zile nisizozijua hazina kazi. Ukiona mistari inapanda na kushuka, meza ya hapa dukani ina mguu mmoja mfupi.

Sasa habari ya Kaka Mkubwa. Kwenye simu nilikwambia amepata kiharusi na anaendelea vizuri. Nusu yake ni kweli. Mguu umerudi, anakwenda msalani kwa bakora bila kushikwa. Uso ndio umegoma. Upande wa kulia umelegea kama shati lililoanikwa kwa kibanio kimoja, na maneno yanamtoka yametafunwa.

Mama daktari alituketisha, mimi na mke wa Kaka, akatueleza. Ulimi ni kama mguu, alisema, haupati nguvu mpaka utembezwe. Watu waje, wamzungumzishe, wamtanie, wabishane naye kila siku. Akikaa kimya miezi hii ya mwanzo, huenda kimya kikamzoea. Neno hilo ndilo linalonilaza macho, mdogo wangu, maana Kaka amefunga mlango.

Mtu aliyekuwa mkuu wa posta, mtu aliyejua nani ana deni la nani na nani anamwandikia mke wa nani, leo wenzake wa kazini wakija anawarudisha getini. Anamtuma shemeji aseme amelala. Na sababu ni ndevu, basi! Unamjua Kaka. Siku ya kumzika baba alinyolewa kwanza, ndipo akalia.

Na mila ya nyumba yetu unaijua. Uso wetu haupewi mkono wa nje. Baba alimnyoa Kaka, Kaka akaninyoa mimi, mimi nikaufanya wembe kuwa kazi, nikawanyoa nyote wawili. Shemeji alipochoka kubembeleza alimleta yule kinyozi wa mashine wa pale kona. Kaka alijifunika blanketi mpaka kwenye paji la uso. Yule bwana akanyoa hewa, akafunga mkoba wake, akaaga ukuta.

Kwa hiyo nikawa namnyoa mimi, na nani mwingine? Mimi niliyemnyoa bondia mwenye pua iliyovunjika mara mbili. Mimi niliyemnyoa bwana harusi aliyekuwa hawezi kuacha kucheka, na hakutoka damu hata tone. Katika mtaa huu wote, na mitaa ya jirani, na mji mzima nikitaka kusema kweli, hakuna aliyeupita mkono wangu. Lakini uso wa Kaka wa sasa si ule tulioujua. Nakueleza ulivyo, nawe usome taratibu.

Chini ya pua hapana taabu sana. Unainua ncha ya pua kwa kidole, kidogo tu, si kama unamfungulia mlango, kisha wembe unaulaza na kuushusha kwa vihatua vifupi. Wembe ukisimama, unauma. Ila upande wa kulia mdomo wa juu hautakusaidia, hauwezi kujivuta chini ya meno kama wa mtu mwingine. Uvute wewe.

Kikoromeo usikipande juu kama mlima. Wapo vinyozi wanaokwambia mteja ameze mate atulie. Kaka akimeza sasa anapaliwa. Sogeza ngozi pembeni mpaka ilale kwenye nyama ya shingo, nyoa hapo penye tambarare, halafu iachie irudi kwao.

Chini ya taya kuna ule mzunguko wa ndevu tuliorithi kwa baba, wewe unao, mimi ninao. Zinazunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Kwanza papasa kwa kidole bila povu ujue zinalalia wapi. Ukienda kinyume chake, kesho yake shingo nzima imejaa vipele kama ganda la fenesi.

Pabaya ni pembe ya mdomo, kulia. Mtu mzima unamwambia jaza upepo shavuni, anajaza, kazi imekwisha. Kaka upepo haukai, unavuja. Ngozi imejikunja mikunjo midogo, na mate yanapita hapohapo. Futa, futa tena. Kisha pakaa shabu vidoleni mwako, ile tunayozuia nayo damu, maana inafanya vidole vishike. Ivute ngozi kuelekea sikioni, na usiiachie mpaka wembe utoke.

Mimi nilikata hapo. Mate yaliteleza, na taa ya chumba kile ni ya manjano, na yule mjukuu wake alikuwa anapiga mpira ukutani upande wa pili. Lakini nilikata. Kamstari kadogo, kama unywele. Kaka hakushtuka, hata ukope. Shemeji alipoingia na chai akamwinamia.

“Hii nini hapa?”

“Mbu,” Kaka akasema. Wiki nzima ile ndilo neno lililomtoka safi.

“Mbu gani anayeuma mstari ulionyooka?” Akanigeukia mimi. “Shemeji, siku hizi unanyoa au unapima viwanja?”

Tulicheka, hata Kaka alicheka kwa ule upande wake. Nilipofika nje, kwenye kona ya posta, sikucheka tena. Kaka mzima, aliyenifunga kamba za viatu, amejifunza uongo uzeeni kwa ajili yangu.

Ijumaa nilirudi. Upande wa kushoto ukanyooka, ukang’aa kama sahani. Nikahamia kulia. Nikapakaa povu, nikavuta ngozi, nikaweka wembe, na wembe ukaanza kutetemeka juu ya povu kama mkia wa mjusi. Nikautoa. Nikaufuta, nikaunoa kwenye mkanda ingawa ulikuwa mkali, nikarudi. Ukatetemeka tena.

Kaka akainua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akanishika kifundo cha mkono. Si kwa nguvu. Alinishika tu, tukateremka pamoja kutoka sikioni mpaka nusu ya shavu, yeye akinishika mimi, mimi nikishika wembe. Hatukutazamana. Pale ngozi inapoanza kukunjana akausimamisha mkono wangu, akausogeza pembeni polepole, akauweka juu ya blanketi. Kisha akatafuta neno. Alilitafuta muda mrefu, nami nikamwacha alitafute, kama alivyosema daktari.

“Mwite mdogo.”

Basi ndivyo alivyo mpaka leo, kushoto mkuu wa posta, kulia mwizi wa kuku. Analala amegeuzia ukuta ule upande wa kulia. Leo asubuhi wenzake wamekuja tena na kikapu cha machungwa, nikawasikia getini wakimtania kwa sauti ili asikie, yule mfupi wa dirisha la stempu akiuliza kama mkuu amepewa likizo bila barua. Kaka alifungua mdomo. Nilimwona, alikuwa na jibu. Halafu akajishika shavu, akaufunga. Wakaacha machungwa, wakaenda zao.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Hawakuwa vinyozi. Ujuzi wangu uko palepale, ningeweza kukunyoa gizani kwa maneno tu. Mkono ndio umetangulia kuzeeka, umeondoka bila kuniaga, na ingelikuwa umeniponyoka kwa mteja yeyote ningesema ni kazi ya Mungu, ningekunja wembe, ningeenda kulisha kuku. Lakini uso ule mmoja, mdogo wangu! Ningetoa nyuso zote nilizowahi kunyoa, na yule bondia juu yake, nipewe shavu moja la kulia la Kaka nilimalize. Naumia. Shemeji yako wa hapa hajui naumia kiasi gani, anadhani ni mgongo.

Najua wewe ulihamia kwenye mashine, na najua niliyoyasema siku ile. Mashine bado naona ni ya kukatia majani, hilo silibadilishi. Ila wembe nilikufundisha mimi, kwenye puto lenye povu, nawe uliyapasua maputo mengi hata muuza maputo akawa anakuamkia shikamoo. La mwisho hukulipasua. Mkono uliolinyoa puto hausahau.

Njoo, usisubiri sikukuu. Ukifika jioni, lala kwangu. Asubuhi ndipo mwanga wa dirisha lake ni mzuri. Wembe nimeshaunoa. Waambie wenzako kazini kwamba kaka yako mkubwa ana neno mdomoni na linakungoja wewe.

Nisalimie sana shemeji, umwambie asikubebeshe zawadi, begi liwe jepesi. Wabusu mapacha masikioni. Mke wa Kaka anakusalimu, na shemeji yako wa hapa anakuwekea kile chumba cha nyuma. Mungu akufungulie njia, akuweke mbali na madereva wenye haraka, na mkono wako aulinde kuliko wangu.

Siku hiyo utanyoa wewe. Mimi nitashika beseni la maji ya moto, kazi ya mwanafunzi, na sitasema neno. Nikisema, nitoe nje.

Wako akupendaye,
kaka yako wa katikati,
Kinyozi.