Mama Yako Amebaki Siku Ile

Mpwa wangu Skola,

Jumamosi hii tunamaliza msiba wako, na mimi mjomba wako ndiye niliyepewa kusema mbele ya watu. Ungekuwepo ungecheka. Ungesema, "Haya, pikeni vya kutosha, maana Mjomba akishika maiki hairudishi." Na ni kweli. Toka Manyovu mpaka Kakonko hajazaliwa mtu wa kunishinda kusimulia. Niliwahi kumsimulia askari wa barabarani mpaka akasahau alinisimamishia nini, akanifungulia njia mwenyewe na kunipigia saluti. Lakini safari hii nimekaa barazani kwa mama yako tangu asubuhi na sijapata hata neno la kuanzia. Nikaona nikuandikie wewe kwanza. Naandika hadharani, anayetaka kusoma asome.

Unakumbuka banda letu la video pale Kasulu, nyuma ya soko? Mabenchi yaliyochana suruali za watu, televisheni moja yenye kisogo kirefu, na jenereta nje linakohoa kama mzee wa tumbaku. Watu hawakuja kuona picha, walikuja kunisikia mimi. Nilisimama pembeni na maiki nikiwatafsiria Kiingereza, Kihindi, Kichina, chochote kilichokuja. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu walimu walishaniishia. Na kutafsiri hakutaki shule, kunataka macho. Mtu akikunja uso, anadai chake. Akiangalia chini, ameoa kwingine. Akiangalia mbali, hapo kuna mtu atakufa.

Wewe ulikaa benchi la mbele, miguu haifiki chini, ukiniamini kama mahubiri. Kisha ukaenda sekondari, ukarudi likizo na Kiingereza chako, ukaanza kuniharibia kazi.

Ile picha ya daktari mzee ndiyo ilitugombanisha. Daktari ana mdogo wake aliyezama na meli zamani, wote wakiwa vijana. Anatengeneza mashine, anarudi mpaka siku ile, anafika bandarini meli ikipakia. Anamwona mdogo wake amesimama gatini hajaamua kama atapanda au atabaki. Anamkimbilia huku anapiga kelele. Yule kijana anageuka, anaona mzee asiyemjua, nywele zimesimama, anamjia mbio. Anaogopa, anakimbilia melini. Meli inaondoka.

Mimi nikazima televisheni pale pale. Nikawaambia watu, "Basi, akashuka upande wa pili, wakakumbatiana, wakaenda kula wali. Picha imeisha."

Mpakiaji mmoja wa malori ya Manyovu, jitu la kifua, akasimama. "Fundi, mbona tumemwona dirishani meli ikiondoka?"

"Huyo ni pacha wake."

"Pacha gani? Hujamtaja tangu mwanzo!"

"Alikuwa amelala."

Banda zima lilicheka, yule jitu naye akacheka, akakaa. Wewe peke yako hukucheka. Tukiwa njiani kwenda nyumbani ukaniambia, "Mjomba, umebadilisha mwisho."

"Nimeurekebisha."

"Yule mzee ndiye aliyemfanya apande. Asingerudi kumwokoa, mdogo wake asingekimbia. Ndiyo maana ya hadithi yote."

"Sasa nani anatoka kwake na viatu vyake kwenda kuona kitu kama hicho?"

"Mimi," ukasema. Ukatangulia mbele kama mwalimu mkuu.

Tangu hapo hadithi za watu wanaorudi nyuma zikawa zetu. Kila picha ya aina hiyo iliyoingia Kasulu nilikuwekea. Wewe ulileta vitabu vya maktaba, unanisomea huku mama yako akipika, naye akisikiliza kwa sikio moja. Ukanifundisha kuzipanga. Ulisema kuna hadithi mtu akirudi anaweza kugeuza mambo. Kuna nyingine akirudi ndiyo anayasababisha. Na kuna zile anarudi aangalie tu, hana sauti, hana mikono. Ukasema picha zinapenda ile ya kwanza kwa sababu ina mbio na milipuko, ila vitabu vinapenda hiyo ya mwisho, kwa sababu kwenye kitabu hata msomaji hana mikono. Nilikwambia hayo maneno niliwahi kuyasema mimi redioni. Ukasema, "Hujawahi, Mjomba."

Mimi nilikuwa upande wa kugeuza, mpaka kesho. Kama huwezi kugeuza, umerudi kutafuta nini?

Bibi yako alikuwa na ya kwake pia. Mtu wa mizinga alimfuata yule ndege anayeongoza watu kwenye asali, akaingia naye msitu wa Kagerankanda. Akala asali, akalamba vidole, akarudi nyumbani. Akakuta wazee wamekaa uani, akawapigia makofi ya salamu: "Mwidiwe." Wakamwitikia vizuri, wakamkaribisha, wakamuuliza katoka wapi. Walikuwa watoto wake. Nilijigamba kwamba sisi Waha tulianza safari hizo kabla ya Wazungu, tena bila mashine, kwa asali tu. Wewe ukasema hii ndiyo inayotisha kuliko zote, kwa sababu hakuna aliyemkasirikia. Walimsahau kwa adabu.

Ilikuwepo na aina moja ambayo hatukuipenda wote wawili. Ile ya siku inayojirudia. Mtu anaamka, ni jana. Analala, anaamka, ni jana tena. Watu wote hawajui, yeye peke yake anajua. Nilikwambia inachosha, haiendi popote, hata kutafsiri ni maneno yaleyale. Ukasema, "Kweli, Mjomba, ila mwishowe huwa anatoka." Skola, sasa ngoja nikwambie.

Mama yako yumo mle ndani.

Ulijua kichwa chake kimeanza kupotea, ndiyo maana ulikuwa unakuja kumwona. Asubuhi ile ulimpigia simu toka Kibondo, ukamwambia, "Mama, nafunga shule leo, nakuja." Akaweka maharage jikoni, yale ya mawese unayoyapenda. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, njia yote tope. Gari mlilopanda likaacha barabara kwenye mteremko. Mimi ndiye niliyekuja kukutambua. Hapo sina la kuongeza.

Tulikuzika na mama yako akiwepo, alitupa udongo kwa mkono wake. Akalia siku zile za mwanzo kama mama yeyote. Halafu pole pole kichwa kikaanza kuyafuta hayo yote. Kilifuta makaburini, kikafuta waliokuja kutoa pole, kikaja kusimama kwenye ile simu yako, hapohapo. Sasa kila asubuhi dada yangu anaamka na furaha. Anafagia uwanja. Anapandisha maharage. Ananiuliza, "Skola amefika wapi?"

Nami namjibu, "Yuko njiani."

Anapakua sahani yako, anaifunika. Akishalala naila mimi, ili asubuhi asiikute imelala na ukungu. Siku moja niliikuta na kipande kizima cha samaki, mgebuka, yeye amekula maharage matupu. Nimeshiba chakula chako, mpwa wangu, mpaka mkanda umehama tundu.

Basi ndugu wamekuja kupanga kumaliza msiba. Kwetu unajua, mama ndiye anakaa mkekani wa kwanza, ananawishwa mikono mbele ya watu, ndipo mjomba anasimama kusema, ndipo nyumba inafunguliwa. Bila hivyo hakuna harusi wala ngoma ukoo mzima. Baba yako mdogo Mathayo akanivuta pembeni.

"Shemeji, huyu mama lazima aambiwe."

"Ataambiwa vipi?"

"Si una mdomo wewe? Kasulu nzima inakujua kwa mdomo. Msiba haumalizwi mama yuko jikoni anampikia marehemu."

Nikasema sawa.

Nikamfuata juzi, amekaa kwenye kigoda na ungo wa maharage, anachambua. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yenye kuzunguka. Yote yaliniishia mlangoni.

"Dada."

"Ee."

"Skola hatakuja."

"Wamemzidishia kazi hao. Nilisema ualimu utammaliza."

"Gari liliacha njia, Dada. Skola alikufa. Tulimzika."

Akaweka ungo chini, taratibu, kama una maji. "Lini?"

"Mwaka unakaribia kwisha."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo. Ulitupa udongo."

Akaiangalia mikono yake. "Yaani nimemzika mwanangu, na sijui?"

Skola, nimesimulia vifo vingi. Nimeua wafalme, nimeua majeshi mazima kwa maiki moja. Sikujua kwamba sauti ya mtu inaweza kutoka vile. Hakulia kwanza. Aliuliza kama ulikuwa umekula asubuhi ile. Nikasema sijui. Akasema, "Hujui?" kama vile hilo ndilo kosa kubwa. Ndipo akalia. Alilia mpaka jua likahama upande wa pili wa nyumba, nimemshika, mifupa yake yote naihesabu mikononi, mpaka usingizi ukamchukua hapohapo kwenye mkeka.

Alipoamka aliniuliza, "Mbona macho yananiuma?"

Nikasema moshi.

Akasema, "Skola amepiga simu? Amefika wapi?"

Sasa umeelewa ile hadithi tuliyoidharau? Kwenye picha, yule anayekumbuka ndiye shujaa. Anajifunza piano, anaokoa paka, anampata mchumba. Hakuna hata moja niliyotafsiri iliyoonyesha anavyochoka. Wala hakuna iliyoniambia kuhusu yule mwingine, asiyekumbuka, kwamba ukimwambia ukweli kila siku, kila siku unamuua mtoto wake upya. Nimefikiri hata zile aina zako tatu. Kugeuza siwezi. Nimebaki na macho tu. Kumbe na mimi nina mikono, ila kazi yake ni kumshika anapolia.

Nimeamua hivi, na nakwambia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye ungenipinga. Jumamosi atakaa mkekani. Watamnawisha. Nitasimama, nitamwambia mbele ya watu wote, kwa Kiha chake alichokulelea, kwamba mwanae amekufa barabarani akija kumwona. Sitaongeza pacha. Sitakupeleka kula wali. Atalia na watu watalia naye, wanawake watamshika, kwa sababu ni haki yake kulia na watu, asilie na mimi peke yangu nyuma ya nyumba. Hiyo moja nakupa wewe, kama ulivyotaka siku zote, mwisho bila kurekebishwa.

Na Jumapili akiniuliza, nitasema yuko njiani.

Mathayo ameshasema huo ni uongo na dhambi. Anisamehe, lakini hakuwepo kwenye mkeka ule. Wala mimi siuoni uongo mzima, maana njiani ndiko ulikobaki. Nitasema hivyo kila siku hadi siku yake au yangu, itakayotangulia. Na nikitangulia mimi, hapo ndipo sijui. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, nani atakula ile sahani.

Ninakukumbuka, mpwa wangu. Natamani uniambie tena kwamba sijawahi kusema redioni. Nimekaa na sifa zangu zote hapa na hakuna wa kunikosoa, na mtu asiye na wa kumkosoa anazeeka haraka. Banda lilishakufa, vijana wanaangalia picha kwenye simu, kila mtu na sikio lake. Juzi niliikuta ile ya daktari kwa kijana mmoja pale stendi. Niliiangalia mpaka mwisho, mara ya kwanza maishani. Ulisema kweli. Yule kijana akigeuka, uso wa mzee unajua kabla ya miguu yake kusimama.

Nilitaka kuishia hapo. Ila mama yako ametoka sasa hivi jikoni, anajifuta mikono, akaniona nimeinamia karatasi.

"Unamwandikia nani wewe, na mwandiko huo wa kuku?"

Nikamwambia kweli. "Namwandikia Skola."

Akaangalia juu, upande wa Kibondo. Mawingu yamefunga, meusi, na upepo umeshaanza kugeuza majani ya migomba.

"Mwambie," akasema, "mvua hii asipande gari. Alale hukohuko. Mimi nitamsubiri, sina haraka."

Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza neno.

Mjomba wako,
mdogo wa mama yako