Randa Kabla ya Pasaka

Sumbawanga, 9 Januari 1994

Shemeji Stanley,

Salamu nyingi kutoka huku Katandala. Natumaini hujambo na joto la Dar es Salaam halijakuchosha. Sisi ni wazima, mvua ni nyingi, na Zita amepona kikohozi. Nyumba tu ndiyo haijazoea. Jana nimepakua sahani tatu tena, ikabidi ya tatu niirudishe sufuriani.

Nakuandikia kwa jambo la karakana. Kaka yako alipofariki mwezi wa kumi alikuwa ameanza kazi ya madirisha kumi na mawili ya zahanati ya parokia, kule Milepa. Juzi ushirika wa maseremala umekaa kikao. Mwenyekiti, Mzee Kapele, akaniambia mbele ya wote kwamba meza ya Evaristi haiwezi kukaa bila kazi, wapo watu watatu wanaisubiri. Nikasema kazi nitaimaliza mimi. Wakacheka. Mmoja akasema, "Mama Zita, dirisha si mkeka." Nikamjibu kwamba mkeka sijui kusuka, dirisha ndilo ninalolijua, miaka kumi na miwili nimeshika upande wa pili wa msumeno.

Mzee Kapele hakucheka. Amenipa masharti mawili. Madirisha yawe yamekamilika kabla ya Pasaka. Na iwepo barua yako, kwa sababu siku ya kumaliza tanga wazee walikutaja wewe kuwa mrithi wa nafasi yake pale. Ukiandika kwamba unaniachia, meza inabaki kwangu. Usipoandika, anapewa mwingine, na mimi sina kazi nyingine ninayoijua.

Shida ni vifaa. Msumeno umekwisha meno, patasi zimekuwa fupi kama penseli za darasa la kwanza, na randa sina. Nasikia huko mtaa wa Gerezani, tangu biashara ifunguliwe, vifaa vimejaa na kila nchi imeleta vyake. Vile vya Ulaya alivyokuwa akivitamani kaka yako siviwezi. Nitafutie vya bei ndogo ambavyo havitaniaibisha. Wewe unashinda katikati yake hapo dukani, jicho limezoea.

Zita anakusalimu. Anasema bado anakumbuka ulivyomfundisha kupiga mbinja.

Shemeji yako,
Adela


Dar es Salaam, 25 Januari 1994

Shemeji Adela,

Shikamoo. Barua yako nimeipata nikaisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa juu ya kasha la misumari. Mimi mzima, mgongo tu, kazi ni ya kupakua makasha tangu asubuhi. Najua hujasahau kwamba sikufika msibani. Telegramu niliipata Evaristi akiwa ameshazikwa siku nne. Hilo nakaa nalo mwenyewe.

Vifaa nimekutafutia. Hapa dukani vipo vya kila namna na vingi ni rangi tu. Nimejifunza kutotazama rangi. Nachukua tupa nausugua ukingo wa chuma kidogo: tupa ikiuma sana, chuma ni laini, kitakufa makali. Ikiteleza, kuna matumaini. Msumeno naukunja mpaka ncha ikaribie mpini, kisha nauachia. Usiporudi kuwa mnyoofu, naurudisha kwenye kasha. Siku moja tajiri wangu, mwenye duka, alinikuta akaniuliza, "Wewe unauza au unakagua?" Nikamwambia navikagua ili wateja wasije kumkagua yeye.

Nimekutumia msumeno mmoja, patasi tatu na randa moja ya chuma. Vimeondoka na treni hadi Tunduma, na dereva wa basi la Sumbawanga ninayemfahamu atavichukua hapo. Kisu cha hiyo randa sikuweza kukijaribu, kilikuwa kimefungwa ndani ya mafuta mazito na tajiri alikuwa amesimama. Nakuambia ukweli ili usije kunilaumu.

Sasa na mimi nikuulize. Umeandika kwamba randa huna. Sikuelewa. Randa ya baba iko wapi? Ile aliyopewa na bruda wa misheni alipomaliza kujifunza kazi, aliyokuwa akiifunga kwenye kipande cha blanketi. Baba alimwachia Evaristi kwa sababu ndiye aliyefuata kazi. Evaristi amekufa, wazee wamesema ni yangu. Sina haraka nayo na siitaki kwa kuiuza. Nataka tu kujua ipo.

Barua ya ushirika nitaandika, hilo si gumu.

Shemeji yako,
Stanley


Sumbawanga, 13 Februari 1994

Shemeji Stanley,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mzigo umefika na blanketi lake la magunia, haukulowa. Asante sana.

Nimevijaribu vyote juu ya mninga, maana mti laini hausemi ukweli. Msumeno ni mzuri. Nasema hivi nikiwa nimeujua ule wa zamani wa Kiingereza: baada ya kuupitisha tupa jino kwa jino, huu unakwenda sawasawa na ule ulipokuwa mpya. Patasi mbili zinashika makali kutwa nzima. Ya tatu ilikutana na fundo la mti ikajipinda, nimempa Hilaria jirani anafungulia makopo ya rangi.

Randa ndiyo iliyonisumbua. Mwili wake hauna tatizo. Tako lake la chini lilikuwa na mgongo kidogo, nikabandika msasa juu ya kioo nikalisugua hapo siku mbili mpaka likalala sawa. Lakini kisu hakifai. Ninakinoa kinanyoa nywele za mkono, nikifika nusu ya ubao kimekuwa butu, na ukingo umemeguka vipande vidogo kama meno ya panya. Mbao zote nimeshakata na viungo nimechonga, ila ubao usiopigwa randa si dirisha. Mzee Kapele anapita kila Ijumaa, anatazama, anaondoka.

Kaka yako alipokuwa akipiga randa alikuwa akitafuna kipande cha unyoya wa mbao ili ajue kama mti umekauka. Nimejikuta nafanya hivyo. Mninga ni mchungu, sikujua alikuwa anavumilia.

Randa ya baba imehifadhiwa. Usiwe na wasiwasi nayo. Nakuomba barua ya ushirika, siku zinakwenda.

Shemeji yako,
Adela


Dar es Salaam, 24 Februari 1994

Shemeji,

Shikamoo. Mimi mzima.

Kitu kilichohifadhiwa kina mahali. Umeniandikia "imehifadhiwa" bila kusema wapi, na wakati huohuo unahangaika na kisu cha bati. Mtu mwenye randa ya baba ndani ya nyumba angeifanyia kazi. Kuna mtu wa Mwimbi amepita hapa dukani, anasema huko inazungumzwa kwamba uliiuza kwa wafanyabiashara wa Tunduma wiki ileile ya msiba. Sikutaka kumsikiliza. Lakini wewe ndiye unayenifanya nimsikilize.

Barua ya ushirika ninayo mezani, sijatia sahihi. Niambie ilipo randa. Nikijua, nitajua la kufanya.

Stanley


Sumbawanga, 6 Machi 1994

Shemeji Stanley,

Marahaba. Natumaini u mzima. Sisi tu wazima.

Sikuiuza. Randa anayo Evaristi.

Jeneza walilichonga wenzake wa ushirika, hapo hapo mezani kwake, na walilipiga kwa randa hiyohiyo kwa heshima. Walipomaliza waliniletea ikiwa bado na nyoya za mbao ndani. Nilikuwa nimeishika wakati wanataka kupigilia kifuniko. Nikauona mkono wake wa kulia. Vidole vilikuwa vimejikunja vile vinavyojikunja vya mtu aliyeshika kitu kila siku, na ndani yake hamna kitu. Nikawaambia wasubiri. Nikaiweka ubavuni, chini ya sanda. Mzee Kapele aliniona. Alisubiri nitoe mkono, kisha akachukua nyundo.

Hakuna aliyenituma. Si desturi ya kwenu wala ya kwetu, na padre hajui. Sikufikiri kwamba ni yako. Sikufikiri kwamba ndiyo ingemlisha Zita. Nilifikiri mkono tu. Wiki ya pili nilipokwenda karakana, nikanyoosha mkono rafuni kuichukua, ndipo nilipojua nimefanya nini.

Nilikuandikia "imehifadhiwa" kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu niliihitaji barua yako. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi.

Ukitaka kuwaambia wazee, waambie. Ila nakuomba kitu kimoja, kaburi lisiguswe.

Shemeji yako,
Adela


Sumbawanga, 22 Machi 1994

Shemeji Stanley,

Salamu. Natumaini hujambo. Siku kumi na sita sasa, nimekuwa nikienda posta mpaka karani ananiona nikiwa bado mlangoni anatikisa kichwa. Najua barua kufika na kurudi ni siku nyingi. Nahesabu hivyo ili nisihesabu vingine.

Naandika kukueleza habari ya kazi, kwa sababu vifaa ni vyako na unastahili kujua vimefikia wapi.

Nilisikia Mwimbi kuna mhunzi wa ukoo wa wafua chuma wa zamani, anaitwa Mzee Kauzeni. Nikapanda lori la mahindi, nikafika nimelowa, nikamwonyesha kile kisu. Akakigonga kwa kucha akakitupa chini. "Hiki ni cha kupakia siagi," akasema. Kisha akanitazama. "Na wewe mwanamke randa ya nini? Nikikutengenezea, kesho si utaniletea mwiko nikunolee?" Nikamwambia mwiko wangu unanolewa na ugali kila siku, hauna shida. Akacheka mpaka akakohoa, mkewe akatoka kutazama kuna nini.

Alichukua kipande cha springi ya lori iliyokatika. Akasema, "Hii imebeba mpunga wa Mtowisa kupanda na kushuka mlima miaka mingi. Ubao wako utaifanya nini?" Akakifua mpaka kikalala bapa, akakizimisha majini. Kikapasuka katikati, tulisikia sauti. Nilikaa chini, shemeji. Nilikuwa nimeacha Zita kwa Hilaria na lori la kurudi lilikuwa linaondoka kesho yake. Yeye akakata kipande kingine. Safari hii alizimisha kwenye mafuta ya nyonyo, halafu akakirudisha polepole karibu na makaa, akiangalia rangi ikipanda kwenye chuma. Ilipofika rangi ya ganda kavu la hindi akakitoa. "Hapo," akasema. "Kikizidi hapo kinakuwa laini, kikipungua kinameguka."

Nimekitia kwenye mwili wa randa uliyonitumia. Kilikuwa kinene, nikapanua tundu kwa tupa kwa siku nzima. Nimepiga mbao za madirisha saba na nimenoa mara tatu tu. Unyoya unatoka mrefu na unaangaza. Kinakata kama ile ya baba. Nasema hivi kama fundi, sisemi ili kujitetea.

Yamebaki matano, na Pasaka ni tarehe tatu. Mikono imevimba lakini nitamaliza. Barua yako siwezi kuichonga.

Hata kama ni ya kunitukana, andika.

Shemeji yako,
Adela


Sumbawanga, 10 Aprili 1994

Shemeji Stanley,

Salamu za Pasaka. Natumaini umeisherehekea ukiwa na afya. Sisi tumeisherehekea vizuri, Hilaria alituletea kuku na akala zaidi yetu.

Madirisha niliyamaliza Jumatano Kuu. Ushirika wote walikuja kutazama, na yule wa mkeka alikuwa wa kwanza. Mzee Kapele alipitisha kidole kwenye kila kiungo, akalifungua na kulifunga kila bawa, akaweka karatasi kwenye ufa akaivuta isitoke. Halafu akafungua randa akakitoa kisu, akakigeuza. "Hiki kimetoka nchi gani?" akauliza. Nikamwambia Mwimbi. Wakafikiri natania. Yule wa mkeka akaomba akijaribu kwenye ubao wake, akapiga mara moja, akapiga tena, kisha akauliza lori la Mwimbi linaondoka siku gani.

Mimi nilikuwa nasubiri neno moja tu. Nilijua sharti la pili sina, na nilikuwa nimeshavifunga vifaa kwenye gunia ili nisije kuvifunga mbele yao nikalia.

Mzee Kapele akatoa bahasha mfukoni. Alisema imefika Jumatatu, kwa jina lake, na alitaka kwanza aone kazi. Akaisoma kwa sauti. Nimeisikia mara moja lakini nimeishika yote: "Mimi Stanley namwachia Adela nafasi ya marehemu kaka yangu. Kazi anaijua. Randa ya baba yetu iko na mwenyewe, na Adela asiulizwe tena habari yake na mtu yeyote."

Alipomaliza nikamuuliza kama ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi nyingine, ya kwangu. Akaigeuza juu chini ili nione. Akasema, "Hapana, mama. Ilikuwa hii peke yake."

Meza ni yangu, shemeji. Jumatatu nimeanza mlango wa mtu wa Kizwite. Sijui kama umenisamehe au umeamua tu kwamba mtoto wa kaka yako asilale njaa, na sitakuuliza, kama ulivyotaka mimi nisiulizwe. Ukipenda kuandika, andika. Usipopenda, nitajua kwamba ulichotaka kusema umeshakisema mbele ya watu wote, na mimi nilikuwepo.

Lakini unapomwombea Evaristi, nami unikumbuke.

Shemeji yako,
Adela