Aliyekata Kamba ya Nanga

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: Hujulikana kama Mama Chai
Umri: Miaka 49
Kazi: Mpishi katika boti ya abiria, mali ya mumewe
Makazi: Nyumba za nyuma ya gati la mto
Tarehe ya maelezo: Jumatatu, tarehe 16

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Fundi wetu wa injini yuko mahabusu tangu jana kwa sababu ya kamba ya nanga. Naomba niandikiwe kama ninavyosema.

Mnamo Jumamosi, tarehe 14, saa tatu asubuhi, tuliondoka gatini na abiria wa familia moja waliokodi boti kutembea mtoni. Miongoni mwao alikuwemo bibi mwenye magoti mabovu, tukamkalisha nyuma kwenye kivuli. Wafanyakazi tulikuwa watatu: mume wangu kwenye usukani, Fundi, na mimi.

Kabla ya kuondoka Fundi alimwambia mume wangu, "Mzee, mto umejaa. Turudishe nanga mbele." Ni kweli, nanga ilikuwa nyuma. Mume wangu aliihamishia huko msimu huu ili mbele papatikane nafasi ya viti, maana wageni wanapenda kupigia picha pale. Na huko nyuma ndiko boti yetu iliko chini kuliko kwingine kote. Mume wangu alimjibu, "Wewe shika spana zako, boti niachie mimi." Wakanuniana. Niliwacheka, nikawaambia wamekuwa kama wake wenza.

Majira ya saa tano, tukiwa tumekaribia ukuta wa bwawa, injini ilianza kutoa moshi. Magugu maji yalikuwa yameziba tundu linaloingiza maji ya kuipoza. Mume wangu aliizima, Fundi akashuka kwenye shimo la injini kuyatoa. Boti ikaanza kuchukuliwa na maji kuelekea ukutani, pale mto unapomwagikia upande wa pili. Ngurumo yake tuliisikia wote. Mume wangu akakimbilia nyuma, akatupa nanga.

Nanga ilishika, abiria wakapiga makofi. Lakini sasa boti ilikuwa imeupa mto mgongo. Nanga inatuvuta chini, mto unatupanda. Maji yalianza kuingia nyuma kidogo kidogo, halafu kwa mikupuo. Viatu vya bibi vikaelea. Fundi alipaza sauti kutoka shimoni, maji yakimfika magotini: "Mama, legezeni kamba! Tunazama!"

Mume wangu alijaribu, fundo likakataa. Nikamwambia, "Baba, ikate." Akasema, "Nikikata tunakwenda ukutani. Mwache amalize injini." Nilimwambia tena. Aliishikilia ile kamba kwa mikono miwili na macho yamemtoka.

Nilimtazama bibi. Alikuwa anavua saa yake ya mkononi, anampa binti yake aiweke. Hapo ndipo nilipokosa uvumilivu.

Nilichukua kisu cha jikoni, ambacho huwa ninakinoa mwenyewe. Kamba ile niliikata mimi, pembeni kidogo ya mkono wa mume wangu. Alinitazama usoni. Hawezi kusema hakuniona.

Boti iliinuka nyuma, ikaenda na maji. Nilidhani nimetuua sote, na sijawahi kuogopa vile. Fundi akawasha injini, ikagoma, ikagoma, ikakubali. Mume wangu aliielekeza ukingoni, na hapo nampa haki yake, usukani anaujua. Tuligonga mawe, boti ikapasuka. Bibi alivunjika mkono. Wote tulitoka hai kabla haijazama.

Jana, kabla abiria hawajahojiwa, mume wangu aliwaambia nyinyi kwamba Fundi alikata kamba kwa kisirani cha asubuhi, akataka kutuua. Nyumbani akaniambia, "Wewe sema ulikuwa jikoni, hukuona." Nikamwuliza kwa nini amsingizie mtoto wa watu. Akasema, "Nikisema ni wewe, watauliza kwa nini ulikata. Wakiuliza hivyo, watafika kwenye nanga."

Fundi naye nasikia mkimwuliza anajibu hajui. Anajua. Alipopanda kutoka shimoni alinikuta na kisu mkononi. Ananifichia mimi, na mimi sitaki aozee ndani kwa ajili yangu.

Mume wangu si mtu mbaya. Ile boti ni jasho lake lote, na ninamhurumia mpaka naumwa. Yuko hapo nje kwenye benchi, amenisindikiza. Anadhani nimekuja kusema sikuona kitu. Naomba kabla hamjamwita, mniruhusu nikamwambie mwenyewe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda, nimeyasema nikiwa na akili zangu timamu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, na kumsomea shahidi. Kabla ya kutia sahihi alitoka kuzungumza na mumewe kwa ruhusa yangu. Aliporudi alisema hakuna la kubadilisha, akatia sahihi. Mumewe alimfuata hadi mlangoni, akauliza kama maelezo yake ya jana yanaweza kufutwa. Nimemjibu kwamba hayafutwi, ila anaweza kuandikisha mengine. Ameketi, anasubiri karatasi.