Bahasha ya Mheshimiwa Nagatomi

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepangwa kucheza baduk, ule mchezo wa ubao wa vijiwe vyeusi na vyeupe, na Mjapani. Mimi! Niliyeandika gazetini miaka ishirini kwamba urafiki wa wabunge wa Seoul na Tokyo ni samaki mbichi, gofu na picha ya pamoja. Mnadhimu wa chama chetu, Ma Gyu-sik, anasema kwenye kamati nzima hakuna mwingine anayeujua mchezo vizuri. "Nenda ukamchape, dada. Halafu Alhamisi ya wiki ijayo uje uuchape na mswada."

Mswada wenyewe nimeusoma mara tatu, kalamu nyekundu mkononi. Wabunge wa nchi tatu rafiki — sisi, Japani, Marekani — wakutane mara mbili kwa mwaka, kwa sheria, si kwa hisani ya mtu. Mabunge yote matatu yapitishe maneno yaleyale. Sisi ndio tunaanza. Si wazo baya, nakiri hapa ambapo hakuna anayeniona. Lakini kifungu cha nne! Hoja haiingii kwenye ajenda mpaka nchi zote tatu ziikubali. Yaani tutazungumza kila kitu isipokuwa kile kilichotuleta. Nimeandika pembeni: PLASTA YA MDOMO.

Kamatini kumi wanautaka, kumi hawautaki. Na mimi. Kura zikilingana, mswada umekufa.

Jumanne, 11 Novemba

Mama amepiga simu. Kimchi ya mwaka, kabichi ya kuchachusha kwa pilipili, tunaitengeneza Jumapili, kabichi arobaini, nisithubutu kukosa. Nikamwambia nitacheza na mbunge anayeitwa Nagatomi. "Wa mkoa gani?" Nikautaja.

"Muulize."

Nikasema, Mama, ni mchezo tu.

"Sawa. Cheza. Halafu muulize."

Babu, baba yake Mama, alipelekwa kwa nguvu kwenye mgodi wa makaa wa mkoa ule enzi Japani ikitutawala, Mama akiwa na miaka miwili. Hakurudi. Mifupa yake, inasemekana, imo kwenye hekalu fulani huko, ndani ya masanduku yasiyo na majina. Mama sasa ana miaka themanini na minne. Ameziandikia barua serikali zote mbili. Zote mbili zilimjibu kwa adabu. Heri wangemtukana — ningejua pa kuanzia!

Alhamisi, 13 Novemba

Nagatomi: miaka sabini na nane, suti ya kijivu, upepeo wa karatasi mkononi. Kikorea chake amejifunza kwa kutazama tamthilia za wafalme wa kale, kwa hiyo anaongea kama mtumishi wa ikulu aliyezikwa miaka mia nne iliyopita. "Mtukufu Malkia, mja wako mnyonge amewasili." Wapiga picha walicheka mpaka kamera zikayumba. Mimi nilijizuia. Kama sekunde nne.

Vijiwe vyeupe huchukua mkubwa. Mkubwa ni yeye, kipofu angeliona hilo. Nikalivuta bakuli la vyeupe upande wangu. Ukumbi ukapoa. Ma akafumba macho. Nagatomi akainama hadi paji likakaribia ubao: "Ni haki yako, Mtukufu. Mimi nimezaliwa juzi." Mzee mjanja! Sijaweka hata kijiwe kimoja, tayari nimefungwa bao.

Anacheza taratibu, kama mtu anayepanga vitabu. Hadi saa tano pembe ya kulia ilikuwa yake yote, ukuta mweusi kila upande. Nikaweka cheupe kimoja katikati yake. Hakikuwa na akili yoyote.

"Mtukufu, hapo ni nyumbani kwangu."

"Ni zamu yangu. Naweka ninapotaka."

"Kweli kabisa. Ila hakitaishi."

"Babu yangu naye hakuishi. Yuko mkoani kwako."

Upepeo ukasimama. "Mgodini?"

"Mgodini."

Nilimngoja aniambie maneno laini. Nilikuwa nimeshanoa ulimi. Yeye akautazama ubao tu. Mbunge wa Kimarekani, wa Ohio, akaja na kikombe cha kahawa, akauliza kwa uchangamfu nani anaongoza. Hakuna aliyemjibu, ndivyo diplomasia inavyofanya kazi.

Saa sita basi la uwanja wa ndege likafika. Mchezo haujaisha, na zamu ni yake. Basi akaomba karatasi. Kwao, anasema, mchezo ukikatizwa, mwenye zamu huandika hatua yake, huifunga ndani ya bahasha, mpinzani huitunza. Hufunguliwa siku ya kuendelea, mbele ya wote. Akaandika. Karatasi haihitaji zaidi ya herufi na namba ya mahali pa kijiwe, lakini alikaa dakika nzima. Akagonga muhuri wake mahali bahasha ilipofungiwa, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Tokyo, Aprili, Mtukufu."

Aprili! Kikao cha Aprili kipo ikiwa mswada utapita.

Ijumaa, 14 Novemba

Sikulala vizuri, na asubuhi nimelipata jibu nikipiga mswaki. Kwenye ubao hakuna anayeomba ruhusa ya kuweka kijiwe! Unaweka. Mwenzako anajibu. Au anacheza kwingine — anaruhusiwa — lakini kila aliyepo ameona alikoenda.

Kifungu cha nne kiandikwe upya. Kila nchi iweke hoja moja katika kila kikao bila kuomba ruhusa ya yeyote. Wengine wajibu katika kikao hichohicho, kwa maandishi. Maneno ishirini. Nimeyaandika kwa dawa ya meno ikinidondoka.

Jumapili, 16 Novemba

Kabichi arobaini. Mgongo wangu umejiuzulu.

Nilimwonyesha Mama bahasha. Kosa. Aliielekeza dirishani, kwenye jua. Karatasi nzito, haionyeshi kitu. "Mvuke wa birika. Dakika mbili."

"Mama! Mimi ni mtunga sheria!"

"Ndiyo maana nitafungua mimi."

Tuliivutania juu ya beseni la pilipili kama watoto wa chekechea. Nilishinda, lakini sasa bahasha ya mbunge wa Japani ina alama ya kidole gumba, nyekundu. Baba yangu ndiye aliyemfundisha Mama baduk, enzi za uhai wake; nilipomchorea ubao kwa chumvi aliuelewa mara moja. Akakinyooshea kidole kijiwe kile cheupe cha peke yake.

"Kwa hiyo humu ndani ama amekijibu, ama amecheza kwingine."

"Ndiyo."

"Na Aprili ni miezi mingapi?"

Nikamwambia mitano. Akarudi kwenye kabichi. Alikuwa akihesabu, nikaona midomo yake.

Jumatatu, 17 Novemba

Mwenyekiti wa kamati ni wa chama tawala na anahitaji kura yangu kama samaki anavyohitaji maji. Aliyasoma maneno yangu ishirini, akasema sawa kabla sijakaa. Ma aliniwahi kwenye lifti.

"Dada Tak, wembe wako umeshika kutu? Tokyo watakikataa kifungu hicho."

"Basi wakikatae kwa maandishi, mbele ya watu. Miaka themanini wametukatalia kwa kutabasamu."

"Chama kimesema hapana."

"Chama hakijakisoma."

"Hakihitaji kukisoma! Orodha ya uchaguzi ujao naipanga mimi, dada yangu. Unaipenda hiyo kazi?"

Ninaipenda. Sana, kwa kweli. Hilo halina mzaha.

Alhamisi, 20 Novemba

Chumba cha kamati. Naandika chini ya meza, kama mwanafunzi mtoro.

Saa nne na nusu. Kifungu cha nne kipya kimesomwa. Mheshimiwa mmoja ameuliza kama "kujibu" maana yake ni kukubali. Nimemwambia aliyeoa angejua tofauti. Kicheko, hata upande wao.

Saa tano kasoro. Meseji ya Ma, aliyekaa viti vitatu kutoka kwangu: "Waandishi wako nje. Nimewaambia utapiga hapana." Amewaambia! Kwa niaba yangu! Meseji ya Mama: "Wameshafika kwenye kura? Nimeweka birika jikoni, in case." Hiyo "in case" kaitoa wapi?

Bahasha imo mfuko wa ndani wa koti. Inanukia kitunguu saumu. Jirani yangu anajisogeza.

Amejibu, au amecheza kwingine? Mzee wewe, dakika nzima ulikuwa unawaza nini?

Mwenyekiti: wanaokubali, wanyooshe mikono. Anahesabu kwa sauti, kwa kidole, kutoka kulia. Saba. Nane. Ma amegeuka mzima mzima, ananitazama. Tisa. Kumi. Kidole kimefika kwenye safu yangu na kimesimama.

Mkono wa kulia unaandika haya. Wa kushoto tayari uko juu —