Pampu ya Juu ya Paa na Mke Aliyeko Mwene-Ditu

Mpendwa Mama Hortense, naomba unisaidie, maana hapa Shituru sina mtu wa kumwambia jambo hili asinicheke. Mimi ni fundi wa kituo cha hali ya hewa, na tangu kile kinu cha nyuklia kilipolipuka Ulaya mwaka 1986 kazi yangu ni kupanda juu ya paa kila asubuhi saa mbili kamili, kutoa karatasi ya chujio kwenye pampu inayovuta hewa, kuweka nyingine, kuandika tarehe na upepo, kisha kutuma ile ya jana Kinshasa, ambako mashine ilipima kama vumbi la mionzi limefika hadi kwetu. Walitufundisha kwamba ukiruka siku moja umeharibu juma zima. Jibu la mwisho lilikuja mwaka 1991, kabla ya askari kupora miji, likasema hakuna kitu, na toka hapo posta imekufa, mkubwa wangu ameondoka, ila mimi bado napanda, na bahasha zenye karatasi hizo nimezipanga kitandani upande wa mke wangu kwa sababu chumba kingine kinavuja.

Mke wangu Mbombo ni Mkasai. Wakasai walipofukuzwa huku kwetu mwaka jana warudi kwao, alilala kwenye kituo cha reli na watoto wetu wawili majuma matatu akingoja gari-moshi, nami niliwapelekea bukari, yaani ugali, kila jioni, na asubuhi gari lilipofika, jirani yetu Alphonsine alikuja mbio kuniambia, lakini ilikuwa inakaribia saa mbili, nikasema nibadilishe karatasi kwanza, dakika kumi tu, na nilipofika kwenye kituo cha reli, reli ilikuwa tupu. Daftarini niliandika: upepo wa mashariki, hakuna mvua.

Sasa sista mmoja ameniletea barua yake kutoka Mwene-Ditu, kule Kasai. Ameandika: “Najua ni basoda balikuzuia kufika. Kama haukuye mbele ya Pasaka, basi usikuye tena.” Anadhani ni askari walionizuia, na nisipofika kabla ya Pasaka hanitaki tena. Nataka kwenda, lakini vumbi likipita siku hiyo hiyo, nani atajua? Nyumba ni kimya mpaka naongea na pampu, Mama, na nina aibu. Nifanye nini?

Kalenga, Shituru, Februari 1994

Kalenga, nimekusoma mara mbili, na mara ya kwanza nilikasirika. Kazi yako siicheki. Hata sisi tulio mbali na ajali tuna haki ya kujua tunavuta nini. Lakini nimemuuliza Georges, mwalimu wa fizikia, naye anasema mionzi mingine hupotea kwa siku chache, mingine hukaa miaka mingi. Ile ya kukaa itapimika hata bahasha zikingoja. Ile ya kupotea imekwisha kupotea humo humo kitandani mwako, uwepo usiwepo. Basi acha kujificha nyuma ya pampu. Unaogopa uso wa Mbombo, na una sababu.

Zima pampu juma hili, uandike daftarini tarehe na kwamba umeondoka. Bahasha zitie kwenye sanduku la bati, waombe wamisionari wa Mulungwishi wakutunzie mpaka Kinshasa iamke. Halafu panda gari la kwanza la kwenda Kasai, hata juu ya mizigo. Ukifika, usianze kumweleza habari za upepo. Atakuuliza kuhusu wale askari. Mwambie hakukuwa na askari, ulikuwa juu ya paa, kisha nyamaza umwache aseme yeye.