Kisu cha Eliud na Mtandio wa Naeku

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Magdalena Eliud Kivuyo
Umri: Miaka 61
Jinsia: Mke
Kabila: Mwarusha
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Mkulima wa kahawa na migomba
Makazi: Olmotonyi
Tarehe na saa: 12/12/2024, saa 4:20 asubuhi
Kosa: Kuharibu mali
Mlalamikaji: Philemoni Eliud Kivuyo
Mtuhumiwa: Faudhia Shomari

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa kwamba nikisema uongo ninaweza kushtakiwa. Nimeelewa. Sina haja ya kusema uongo, maana ukweli wenyewe unatosha kumwaibisha mtu.

Mlalamikaji Philemoni ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Ana duka la vipuri vya magari Elerai na anaishi hukohuko mjini, ila amejenga nyumba nyingine kijijini kwenye kiwanja cha marehemu baba yetu, jirani na kwangu. Tumegawana uzio wa masale. Yeye ndiye aliyenitaja kuwa shahidi wake. Sikuomba.

Mtuhumiwa Faudhia namfahamu miaka mingi. Ni fundi cherehani, fremu yake ya kushonea imepakana na duka la Philemoni. Sisi wa ukoo wa Kivuyo ametushonea nguo za harusi mbili na misiba zaidi ya hiyo.

Nakumbuka mnamo tarehe 08/12/2024, siku ya Jumapili, binti wa mwisho wa Philemoni aitwaye Evaresta alipata kipaimara. Baada ya ibada tulikwenda nyumbani kwa Philemoni pale kijijini kwa chakula. Faudhia alikuwepo kwa sababu alialikwa, na kwa sababu sare zote za vitenge alizishona yeye.

Mlalamikaji alikuwa amevaa suti, na juu ya suti amefunga mkanda wa ngozi wenye ala, na ndani ya ala kisu cha marehemu baba. Hukivaa kila sherehe. Siku nyingine hukaa sebuleni kwake Elerai ndani ya kabati la vioo, kimewekewa taa yake. Anakiita Mzee. Akikivaa anawaambia watu, "Leo Mzee yupo nasi." Anakipaka mafuta ya cherehani ambayo huomba kwa Faudhia. Mkewe Elieshi aliwahi kukitumia kukatia kitunguu, Philemoni akakaa wiki nzima hamsemeshi. Haya nayajua kwa sababu Elieshi alikuja kwangu siku zile, akalala.

Nimeulizwa historia ya kisu. Mlalamikaji amewaambia hapa, na siku ile aliwaambia wageni, kwamba babu yetu alipewa na kiongozi wa rika lake baada ya vita. Si kweli. Baba alikinunua gulioni Ngaramtoni nikiwa mwanafunzi wa darasa la nne, nami ndiye niliyekibeba kurudi nyumbani pamoja na chumvi. Mpini wa kwanza ulipasuka. Huu wa sasa alichonga jirani yetu Dismasi, kwa mti wa mkahawa uliokauka. Baba alikuwa anakatia majani ya ng'ombe, anachinjia mbuzi, anakatia mche wa sabuni, na jioni akikaa kibarazani anakwangulia sugu za miguu. Akimaliza anakichomeka kwenye mgomba. Mvua ikinyesha kinalowa. Sikuwahi kumsikia akikisemesha. Jirani akiomba, baba alikuwa anakirusha juu ya uzio hata hajainuka alipokaa.

Baba alifariki mwaka 2009. Philemoni alifika jioni kutoka mjini, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wanalia, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Dada, kisu cha baba kiko wapi?" Mama alikuwa amelala chumba cha pili, hajala tangu asubuhi. Nilimwonyesha kilipo. Nilidhani anataka kuchinja.

Siku ya tukio, mnamo saa 9 alasiri hivi, soda zilipungua. Mwana mkubwa wa Philemoni, Elifuraha, alimwomba mke wake Naeku afuate nyingine dukani barabarani. Naeku ana miaka ishirini na sita. Ni mwepesi, hakai akingoja kutumwa mara mbili. Alipanda pikipiki ya Saning'o, dereva wa hapo kijijini anayetubebea mizigo. Naeku alikuwa amevaa sare, na shingoni amejizungushia mtandio mrefu, ncha zote mbili zimening'inia mgongoni.

Mimi nilikuwa getini nawaaga watu wa kwaya. Faudhia alikuwa pembeni yangu. Mlalamikaji alikuwa hatua chache kutoka hapo, anawaonyesha wageni wawili kisu, amekichomoa nusu, anawaambia wasiguse bapa maana vidole vina chumvi.

Pikipiki iliondoka, na haikufika mbali. Niliona Naeku anavutwa nyuma kama mtu aliyeshikwa na mkono. Mtandio ulikuwa umeingia gurudumu la nyuma, pale penye mnyororo. Saning'o alifunga breki mara moja, namsifu kwa hilo, lakini Naeku alikuwa ameshaanguka, shingo imebanwa kwenye gurudumu, miguu inapiga vumbi. Hakulia, maana sauti haikuwa na pa kutokea.

Tulikimbia. Saning'o akajaribu kurudisha gurudumu nyuma, likakataa. Mimi niliingiza vidole kati ya mtandio na shingo yake, kikaingia kimoja tu. Uso wake ulikuwa unabadilika rangi. Nikapiga kelele, "Kisu! Leteni kisu!" Vya kupikia vilikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, na kutoka barabarani mpaka kule ni mwendo wa kupanda.

Philemoni alikuwa amesimama juu yetu. Naapa mbele ya Mungu kwamba alikuwa karibu kiasi cha kivuli chake kumwangukia Naeku. Faudhia akamwambia, "Baba Elifuraha, kisu! Kisu unacho!"

Mlalamikaji aliweka mkono kwenye ala. Nilidhani anakichomoa, kumbe anakikandamiza kisitoke. Akasema, "Hiki si cha kukatia matambara kwenye vyuma. Nakuja sasa hivi." Akageuka, akaanza kupanda kuelekea nyumbani. Wala hakukimbia. Alikwenda kwa haraka ya mtu aliyevaa suti.

Nimeulizwa kama huenda alikuwa amechanganyikiwa. Nimemlea huyo. Akichanganyikiwa hutetemeka midomo, na midomo yake haikutetemeka. Alikuwa ameamua.

Faudhia alimfuata mbio, akamfikia kwenye jiwe la geti, akakichomoa kisu kutoka kiunoni mwake kwa nyuma. Mlalamikaji alimshika gauni likachanika begani. Faudhia akajinasua, akarudi, akapiga magoti, akapitisha kisu kati ya mnyororo na kitambaa. Mtandio ulikuwa umesokotana kama kamba. Alikata mara ya kwanza, ukabaki. Mara ya pili alikandamiza kwa uzito wake wote, nikasikia chuma kikilia, na ncha ya kisu ikakatika. Mtandio nao ukaachia. Naeku akaniangukia mapajani, akavuta pumzi. Ilitoka kama sauti ya mlango mbovu, lakini ilikuwa pumzi.

Mlalamikaji akafika, akapiga magoti vumbini karibu na sisi. Mchungaji alipoona hivyo akaanza kuomba. Watu wengine wakainamisha vichwa. Mimi nilikuwa nimemshika Naeku, nikamwona Philemoni anapapasa chini ya pikipiki kwa viganja vyote viwili. Akamwambia Saning'o, "Sogeza mguu." Kisha akamwambia mchungaji naye asogee. Alikuwa anatafuta kipande cha kisu. Alipokipata alikipuliza vumbi, akakiweka kwenye kitambaa cha mfukoni, akakikunja vizuri kama anayemfunika mtoto. Mkwe wake alikuwa anakohoa damu kwenye kitenge changu.

Kisha alisimama akamwambia Faudhia, "Unajua umefanya nini wewe mwanamke?"

Faudhia akajibu, "Nimekata kitambaa."

"Umemvunja baba yangu."

Faudhia alikuwa anamfungua Naeku vifungo vya shingoni. Mimi ndiye niliyejibu, nikasema, "Baba yetu yuko makaburini, Philemoni. Hajavunjika. Kaa kimya." Hakukaa kimya, ila sikumsikiliza tena.

Tulimpeleka Naeku hospitali mjini kwa gari la mgeni mmoja. Elifuraha alikaa naye kiti cha nyuma, anamshikilia kichwa kisicheze. Philemoni hakuja. Elieshi aliniambia baadaye kwamba alibaki mezani sebuleni na gundi ya chuma, akijaribu kuunganisha. Keki ya Evaresta haikukatwa. Mtoto alikaa na gauni lake jeupe kwenye ngazi mpaka wageni wakaisha.

Daktari alitueleza kwamba koo limeumia, na kwamba kama kitambaa kingekaa kidogo zaidi tusingemleta kwake, tungempeleka kwingine. Alisema hivyo akimtazama Elifuraha. Elifuraha alitoka nje akaegemea ukuta.

Kesho yake, Jumatatu tarehe 09/12/2024 asubuhi, niliongozana na Elifuraha kuja kituoni hapa kuchukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ya mke wake, kwa kuwa hospitali walikuwa wanaidai. Tulimkuta Philemoni ametangulia. Alikuwa amekaa kwenye benchi la barazani, kisu kiko mapajani kimeviringishwa taulo jeupe. Nilidhani naye amekuja kwa ajili ya Naeku, nikajilaumu kwa niliyokuwa namfikiria usiku kucha. Nikamsalimu. Akaniambia, "Nimefungua jalada. Lazima huyo fundi ajue kuna sheria."

Elifuraha alimpa shikamoo. Halafu akamwuliza, "Baba, jana ulikuwa unakwenda wapi?"

"Wapi, lini?"

"Naeku alipokuwa pale chini. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kufuata kisu."

"Ulikuwa nacho kiunoni."

Mlalamikaji akasema, "Hicho ni cha babu yako, mwanangu. Vitu vingine ukiviharibu havirudi."

Elifuraha alimtazama muda, kama mtu anayesoma kibao cha barabara kwa lugha asiyoijua. Kisha akasema, "Ni kweli, Baba." Akaingia ndani kuchukua PF3. Jioni ile alihamisha vitu vyake kutoka nyumba ya kijijini, vyombo, kitanda na mashine ya kupukuchulia mahindi, akavileta kwangu. Sikumshauri wala sikumzuia.

Faudhia alikamatwa Jumatatu hiyohiyo mchana akiwa cherehanini, akalala mahabusu. Jumanne nilimwekea dhamana mimi. Askari wa zamu aliniuliza mara mbili kama naelewa kwamba mlalamikaji ni ndugu yangu wa damu. Nilimwambia naelewa, nimeelewa tangu alipozaliwa. Faudhia alipotoka hakusema neno baya juu ya Philemoni. Aliuliza tu kama Naeku ameanza kula. Nilimwambia anakunywa uji kwa mrija.

Jana jioni Philemoni alinipigia simu. Aliniambia, "Dada, wewe ndiye unayekijua kile kisu kuliko mtu yeyote aliye hai. Waeleze thamani yake." Nikamwambia nitawaeleza. Akaniambia, "Asante, Dada." Akalia. Alilia kweli, nilimsikia. Nilingoja amtaje Naeku, nikangoja mpaka simu ikakatika yenyewe kwa kuishiwa salio. Tangu tukio hajakanyaga hospitali. Amemtumia ndizi kwa mkono wa Elieshi.

Leo nimeonyeshwa na Koplo Maulida kisu chenye mpini wa mti, ncha imekatika, pamoja na kipande chake kidogo, vyote vikiwa ndani ya taulo jeupe. Ninakitambua. Ndicho kisu cha baba. Kinang'aa kuliko nilivyowahi kukiona baba akiwa hai, na hakinuki kitu. Cha baba kilikuwa kinanuka mbuzi na sabuni.

Nimeulizwa thamani yake. Mlalamikaji amesema hakina bei. Basi kama hakina bei, sijui mnataka huyo mama wa watu alipe nini. Kwa ninavyojua mimi, kisu kama hiki kinapatikana Ngaramtoni siku yoyote ya gulio, tena chenye ncha. Na hiki bado kinakata. Kipelekeni kwa mnoaji, kitafaa kwa majani ya ng'ombe.

Nimeulizwa kama Faudhia alichukua kisu bila ridhaa ya mwenyewe. Ndiyo, alichukua bila ridhaa. Mwenyewe aliombwa akakataa, nami nilimsikia akikataa. Kama hilo ni kosa, basi mniandike na mimi, kwa sababu nilikuwa naye mkono mmoja. Tofauti ni kwamba yeye ana miguu myepesi kuliko yangu.

Nimeulizwa pia kama nina ugomvi na mlalamikaji. Sina. Ili ugombane na mtu, lazima kwanza umwone ni mkubwa kwa kitu fulani.

Naeku jana alitoa sauti kwa mara ya kwanza, ya chini, ya kukwaruza. Daktari anasema huenda itabaki hivyo. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza. Alimwuliza mume wake, "Faudhia yuko wapi? Sijamshukuru." Elifuraha alinitazama mimi, mimi nikatazama dirishani. Hakuna aliyeweza kumwambia kwamba yuko nje kwa dhamana.

Niliyoyaeleza ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, na pale nilipoambiwa na mwingine nimesema ni nani. Nimesomewa, nimeona yako sawasawa, ninatia sahihi kwa hiari yangu.

Sahihi ya shahidi: M. E. Kivuyo

UTHIBITISHO WA MWANDISHI
Mimi Koplo Maulida nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi, bila kumtisha wala kumshawishi, na kwamba nimemsomea akayakubali. Nimemaliza kuandika saa 5:45 asubuhi.

Angalizo kwa mpelelezi: Shahidi alipokuwa akitoka, mlalamikaji aliinuka kwenye benchi la barazani akamwuliza mbele yangu, "Dada, umekiona? Wamekifunga vizuri?" Shahidi aliniomba nimwelekeze mahali pa kupata gari la kwenda hospitali, akaondoka.